Jinsi ya Kuua Fare la Zamani: Mwongozo kwa Mgeni wa Komanda

Komanda ni njia panda. Barabara moja inakwenda Bunia, kilomita kama 75. Nyingine inaingia msituni kuelekea Mambasa, Epulu na, Mungu akipenda, Kisangani. Ya tatu inashuka kusini kwa Luna na Eringeti hadi Beni. Malori ya njia zote tatu hukutana hapa. Penye malori pana mafundi, na penye mafundi hakosi mtu wa kukuhakikishia kwamba mafare (taa za mbele) ya Land Rover ya marehemu babu yako yatarudi ujana kabla sombe haijaiva.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyerithi gari la namna hiyo: Land Rover Series III, Land Cruiser ya miaka ya 70, Volkswagen Coccinelle, Peugeot 404. Fuata kila neno. Mwisho wa kazi utakuwa na mafare yanayong'aa kuliko kioo cha saluni, na ambayo hayamuliki hata mbuzi aliyelala mbele ya bampa.

Kwanza tulimalize swali la wajuaji: fare la nini mahali ambapo hakuna anayesafiri usiku? Wana haki ya kuuliza. Tangu Ituri iwekwe chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na hata kabla ya hapo, mtu mwenye akili zake hatoki Komanda jua likizama, na sababu yake imeacha makaburi mengi mno kuweza kufanyiwa mzaha. Lakini fare halingoji usiku. Wakati wa kiangazi, vumbi la lori lililo mbele yako halikuachii hata kuiona namba yake. Mvua ya msituni inaigeuza saa tisa alasiri kuwa saa moja jioni. Halafu kuna potopoto: umeondoka asubuhi ukitarajia kula mchana uendako, lori moja likazama katikati ya barabara, mkakaa nyuma yake mpaka giza likawakuta. Isitoshe yupo polisi wa rulaji, yule wa barabarani. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, atakusogelea pole pole na kusema: “Papa, washa mafare tuone.” Hapo hutaanza kumweleza kwamba wewe ni mtu wa kusafiri mchana.

Basi tuanze kazi. Hatua ya kwanza ya kuua fare ni kutopima kitu chochote. Mwanga umepungua? Lawama iende moja kwa moja kwa bakuli, ile sahani ya chuma inayong'aa nyuma ya ampuli. Usiulize habari za nyaya, maana ukiuliza utaharibu starehe yote. Nyaya za gari la mwaka 1974 zimeungwa na kuungwa tena, kwa plasta, kwa uzi, kwa waya uliotoka kwenye redio. Injini ikiwaka, umeme kwenye batri huwa kama volti 13.5. Ukifika kwenye ampuli ukiwa umebaki volti 11, utadhani umepungua kidogo tu, kwa hiyo na mwanga umepungua kidogo tu. Sivyo. Mwanga wa ampuli ya waya huanguka kwa kasi kuliko volti, na kwa tofauti hiyo ndogo umepoteza karibu nusu yake. Nusu nzima, na bakuli halina kosa.

Kwenye Land Rover mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu bodi yake ni ya alumini na skrubu inayobana waya wa masi ni ya chuma. Viwili hivyo vikikutana kwenye unyevu hulana. Fundi mwenye kipimo cha umeme huligundua hilo kwa dakika chache. Hukwangua pale masi inapofungwa, huvuta waya mpya mnene kutoka kwenye batri, huweka rile, na jioni hiyo hiyo unaona mwanga ambao babu aliuona gari likiwa jipya. Fundi huyo mwepuke kabisa. Mtafute yule ambaye chombo chake cha kwanza ni kitambaa.

Hatua ya pili ni kufungua. Hapa kuna uwezekano wa furaha ya haraka. Magari mengi ya zamani, hasa yaliyofuata mtindo wa Marekani wa kuanzia modeli za 1940, yana fare ambalo kioo, bakuli na waya wake ni kitu kimoja kilichozibwa kiwandani. Bakuli la fare hilo halifubai kwa vumbi wala kwa moshi, kwa sababu hakuna vumbi wala moshi unaofika ndani; likiungua linatolewa zima na kuwekwa jingine. Lakini usikubali kushindwa na kiwanda. Chukua nyundo ndogo.

Kama fare lako ni la kufunguliwa, utakuta mpira mwembamba unaozunguka kioo. Umezuia maji kwa miaka 40, kwa hiyo umechoka na unastahili kupumzika: uchane, na mahali pake paka gundi ya viatu. Kisha ingiza kidole gumba na uguse ndani ya bakuli, kuona kama bado ni laini. Ni laini. Sasa ina mafuta na chumvi ya jasho lako, na joto la ampuli litaichoma alama hiyo ibaki pale siku zote. Viwanda viliandika kwenye vitabu vya magari haya kwamba bakuli lisiguswe kwa vidole. Wewe kitabu chako kilifungiwa karanga zamani.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo sherehe yenyewe, ni kusugua. Dawa zake ni nyingi na kila moja ina mashahidi: dawa ya meno, majivu yaliyochekechwa, limau, Coca-Cola, msasa wa maji, ile dawa ya kung'arishia sufuria. Chagua yoyote. Usimwulize mtu bakuli limepakwa nini, kwa sababu jibu lingekulazimisha kutumia akili.

Niseme hata hivyo, kwa ajili ya wasomaji wasumbufu. Mabakuli ya zamani sana, ya kabla ya Vita Kuu ya Pili na ya miaka michache baada yake, mara nyingi yalipakwa fedha halisi. Hakuna madini yanayorudisha mwanga tunaouona kuliko fedha: katika mia unayoitupia, inarudisha kama 95. Ina adui mmoja, salfa. Salfa imo ndani ya moshi wa makaa, na imo hata ndani ya mpira wenyewe, kwa hiyo bakuli la fedha linaweza kugeuka manjano, halafu kahawia, halafu jeusi, bila gari kutoka uani. Fedha ya namna hiyo, kama haikufunikwa na vanishi, inasafishika. Wazee walichukua masizi laini ya kibatari, wakayachanganya na spiriti, wakapitisha kwa pamba kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha na bila kukandamiza. Masizi ni laini kupita unga wowote wa dukani. Ajabu ni kwamba kitu cheusi kuliko vyote nyumbani ndicho kilichowafaa kurudishia weupe wa fedha, na hakuna muuzaji aliyeweza kukipandishia bei.

Gari lako, kwa bahati mbaya, si la wakati huo. Kadiri karne iliyopita ilivyosonga, viwanda viliiacha fedha vikahamia alumini. Alumini hupashwa moto hadi iwe mvuke, ndani ya chumba kilichotolewa hewa, na mvuke huo hutua juu ya bakuli lililokwisha kupakwa vanishi laini. Tabaka linalopatikana hurudisha karibu 90 katika kila mia, ambayo si haba. Lakini unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya maikroni. Unywele mmoja wa kichwa chako una unene wa matabaka kama 700 ya namna hiyo. Na vumbi la barabara ya Mambasa, ambalo limo ndani ya kitambaa cha fundi wako hata kama amekikung'uta, ni mchanga mtupu.

Kwa hiyo sugua. Mkono wa kwanza utatoa uchafu, na fundi atatabasamu. Wa pili utatoa alumini. Wa tatu utafika kwenye vanishi, na hapo fundi atanyamaza, atageuza bakuli kuelekea jua, na kukuambia neno ambalo karakana zote za Afrika Mashariki zinalijua: “Papa, hii ilikuwa imeisha tayari.”

Usikate tamaa, soko lipo. Kopo la rangi ya fedha ya kupuliza litakupa, kwa dakika mbili, bakuli linalopendeza sana machoni. Ndani ya rangi hiyo kuna vipande vidogo vya madini vilivyolala kila kimoja kwa upande wake, na kila kimoja kitautupa mwanga kivyake: juu mitini, chini kwenye bampa, machoni pa mwenye pikipiki. Barabarani hautafika. Wengine hawataki rangi, wanataka karatasi ya ndani ya paketi ya sigara, iliyonyooshwa kwa kucha na kubandikwa kwa gundi. Inafanya kazi ile ile kwa bei ndogo, na ukiwasha mafare nusu saa utajua gundi ilikuwa ya aina gani kwa harufu yake.

Mwenye mfuko mzito atashauriwa kupeleka bakuli likapakwe kromu. Ushauri huu unapewa heshima kubwa kwa sababu ni ghali. Kromu inang'aa, na bampa ya Mercedes ya zamani ni shahidi. Ila katika mia ya mwanga inarudisha kama 65 tu. Theluthi nzima inapotea, na umelipa ili ipotee. Tena kabla ya kupakwa, bakuli husuguliwa kwa mashine ili lipokee kromu vizuri, na mashine haijui umbo.

Na umbo ndilo lililokuwa mali. Bakuli la fare si nusu ya mpira. Ni parabola: limekunjwa kwa hesabu, na mbele ya kitovu chake kuna nukta moja ambayo waya wa ampuli ukikaa hapo hapo, miali inayogonga ukuta wa bakuli inatoka sambamba na kwenda mbali. Waya ukisogea milimita moja, miali inatawanyika. Bakuli likibonyea, hali kadhalika. Kung'aa ni kitu ambacho jicho lako linaweza kukithibitisha ukiwa umesimama karakanani saa nne asubuhi. Kumulika hakuonekani mpaka giza liingie. Ndiyo maana biashara ya kung'arisha haiishi wateja.

Hatua ya nne: mwanga ukiwa bado mdogo, ongeza moto. Ampuli ya H4, iliyoingia kwenye magari tangu 1971, ni ya wati 60 kwa taa ndefu na 55 kwa taa fupi. Kuna ndugu yake wa wati 100 na 90, na utaambiwa ndiye dume. Ukimwingiza kwenye nyaya zile zile tulizokataa kuzipima, swichi yako itapata joto la kuivisha mhogo. Bakuli nalo litaungua, na hapa panahitaji uangalifu ili uharibifu uwe kamili. Katika ampuli ya aina hii, waya wa taa fupi una kikombe kidogo chini yake, kinachozuia mwanga usiende nusu ya chini ya bakuli. Taa fupi, ile unayoitumia kila unapokutana na lori, inaishi kwa nusu ya juu peke yake. Joto nalo hupanda juu. Ampuli kubwa inachoma hasa sehemu ile ile ambayo taa fupi inaitegemea, na kuiacha nzima ile ambayo haiitegemei.

Kinyume chake pia ni kweli, na kimeokoa watu fedha: kutu na matope hukaa chini ya bakuli, kwa sababu maji hukaa chini. Bakuli lenye doa la kutu chini na juu safi linaweza kutoa taa fupi nzuri kabisa. Ukimwonyesha fundi wa kitambaa bakuli hilo, ataliona doa tu.

(Ukikuta ampuli ya njano kwenye Peugeot 404, usiifute. Ufaransa iliyalazimisha magari yake kutumia taa za njano tangu miaka ya 30 hadi 1993, na magari yake yalikuja nazo. Si ugonjwa.)

Kuhusu ampuli za LED zinazouzwa kando ya barabara pamoja na chaja za simu, neno moja latosha. Bakuli lilipigiwa hesabu ya waya mmoja mwembamba. Kijiti chenye vitaa pande mbili hakikai kwenye ile nukta. Utaona weupe mwingi mbele ya pua ya gari, na dereva anayekuja ataona weupe zaidi yako.

Hatua ya tano ni kununua kutoka Uganda bila kuangalia kioo. Hili ni kosa la hali ya juu, linalowapata hata mafundi wazuri, na ndilo hasa linaloistahili njia panda hii. Piesi nyingi za Ituri hupita Mahagi au Kasindi, zikitoka upande ambako magari hutembea kushoto. Sisi tunatembea kulia. Mistari iliyochorwa kwenye kioo cha mbele cha fare haikuwekwa kwa urembo: inainamisha mwanga wa taa fupi upande wa anayekuja na kuunyanyua upande wa ukingo wa barabara, ili uone mtembea kwa miguu bila kumpofusha dereva mwenzako. Kioo cha Kampala kinanyanyua kushoto. Kushoto, kwetu, ndiko linakotoka lori la tani 30.

Kujua ni rahisi kiasi cha kukasirisha. Kwenye mafare yaliyofuata kanuni za Ulaya, kioo cha nchi za kushoto kina mshale mdogo, na ukisimama mbele ya gari unaliangalia fare, mshale huo unaelekea mkono wako wa kulia. Kioo cha nchi za kulia hakina mshale. Chenye mshale wa pande mbili kinageuzwa kutumika kote. Sweden ilipohamia upande wa kulia, alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Septemba 1967, mafare nayo yalikuwa sehemu ya kazi: taa za kushoto zilipaswa kuondoka. Ilisaidia kwamba wakati ule magari mengi yalikuwa bado na mafare ya duara ya vipimo vinavyolingana, ya bei nafuu. Lori linalovuka mpaka wa Mahagi linafanya ile safari ya Sweden kwa dakika moja, likiwa na mafare yale yale, na hakuna anayelisemesha.

Baada ya hatua hizi tano fare limekufa. Lililobaki ni kuandika yale ambayo fundi mwaminifu, na Komanda inao, angekuambia bure kama ungemwacha amalize sentensi.

Angepima volti kwenye ampuli kwanza, kabla ya kushika bisibisi. Angetazama kioo cha mbele, kwa sababu kilichopigwa mchanga miaka 30 hutawanya mwanga hata bakuli likiwa jipya. Bakuli lenye vumbi tu angelipulizia hewa, halafu angelisuuza kwa maji safi yenye tone la sabuni, tena kwa maji yaliyochujwa ya batri, na kulipindua likauke lenyewe kivulini bila kitambaa. Maji ya batri, si asidi ya batri. Chupa zinafanana, soma kwanza. Bakuli ambalo alumini yake imekwisha kutoka angekuambia halitengenezwi kwa mkono wa mtu yeyote, awe wa Komanda, wa Bunia au wa Brussels. Linahitaji ile mashine ya kutoa hewa, basi.

Mwisho angeligeuza gari kuelekea ukuta, mita 10, likiwa na mzigo wake wa kawaida, na kushusha mafare mpaka ukingo wa juu wa taa fupi uanguke sentimita kama 10 chini ya kimo cha fare. Mzigo ni muhimu: magunia ya kakao nyuma hunyanyua pua ya gari, na fare lililopangwa gari likiwa tupu litamulika nyani.

Mafare ya duara ya inchi saba, yanayoingia kwenye Land Rover Series na Land Cruiser za zamani, bado yanatengenezwa mapya, yenye bakuli, kioo na nafasi ya H4. Nunua mawili kwa pamoja, yasiyo na mshale, yenye mpira wake. Bakuli la babu lifunge kwa kitambaa cha pamba uliweke ndani, mbali na jikoni. Kisha mlipe fundi wa nyaya kabla ya wengine wote: ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko wote, na kwa kawaida ndiye anayedai kidogo.